Funguo mbili kwenye pochi yangu: nilichojifunza nikiongoza kikoba Rungwe

Mwaka 2018 nilikaa Kyela wiki tisa nikimuuguza baba yangu mzazi, na muda wote huo funguo mbili za sanduku la kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana fedha, zilikuwa kwenye pochi yangu. Huku nyumbani Rungwe, mkoani Mbeya, wanawake 24 walikuwa na fedha zao ndani ya sanduku hilo, na mvua za kupandia zilikuwa zinakaribia. Hakuna aliyenipigia simu kuziulizia. Hata mmoja.

Nilipogundua hivyo niliwakasirikia. Nikasema ni watu wasiojituma, bila mimi hawawezi kitu. Ilinichukua karibu miaka mitatu kuelewa kuwa swali halikuwa kwa nini wao hawakupiga simu. Swali lilikuwa nimewafanya nini mpaka watu wazima, wenye watoto na mashamba, waone ni heri kukopa mitaani kuliko kuniuliza funguo za fedha zao wenyewe.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyechaguliwa juzi kuongoza kikoba, kwaya, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au kamati ya maji, na anaona mambo yanakwenda vizuri. Kwangu pia yalikwenda vizuri sana mwanzoni.

Tulianza Januari 2016 tukiwa 26, wengi wetu wakulima wa viazi mviringo upande wa Isongole na Ntokela, ambako ukungu unaweza kushuka saa nane mchana mpaka unawasha taa. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000, na mtu aliruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa wiki, pamoja na 500 ya mfuko wa jamii. Mkopo haukuzidi mara tatu ya hisa zako, riba asilimia 10, na riba yenyewe tuligawana sisi kwa sisi mwezi Desemba tulipovunja kikoba, yaani tulipogawana kilichomo ili kuanza upya. Sanduku lilikuwa la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na sanduku lenyewe likikaa kwa mtu wa nne. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo vikoba vingi vinavyofanya.

Mimi nilichaguliwa mwenyekiti kwa sababu moja: nilikuwa naweza kubishana na dalali. Anayelima viazi anajua lumbesa ni nini. Gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba juu, na wewe unalipwa bei ya gunia moja ilhali sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Nilishawahi kusimama mbele ya lori nikakataa kupakiza, na wenzangu waliliona hilo. Wakasema huyu ndiye atakayetulindia fedha zetu.

Nikawa mkali. Kuchelewa, faini 1,000. Simu ikilia kikaoni, 1,000. Kuongea bila kunyoosha mkono, 500. Maombi ya mikopo niliyapitia mimi nyumbani usiku wa kuamkia kikao, kwa hiyo siku ya kikao nilikuwa nasoma tu majina ya waliopata. Nilikuwa na mazoea ya kuuliza, "Wanaokubali?" kisha naendelea na ajenda inayofuata kabla mikono haijashuka. Kikao kilichotakiwa kuchukua saa mbili kilikwisha kwa dakika arobaini.

Sitaki kusema uongo: matokeo yalikuwepo. Mwaka wa kwanza marejesho yote yalirudi, hakuna mdaiwa sugu hata mmoja, na Desemba tuligawana zaidi ya shilingi milioni 9. Kuna mama aliyepaua nyumba kwa fedha ile. Watu wa vijiji jirani walikuja kututembelea wajifunze. Hilo ndilo linalofanya uongozi wa namna hii uwe mgumu kuuacha, kwa sababu unalipa, na unalipa mapema. Gharama zake zinakuja baadaye, wakati umeshazoea kusifiwa.

Dalili zilikuwepo, sikujua kuzisoma. Vicheko vilipungua kikaoni. Watu walianza kuangalia chini ninapouliza kama kuna mwenye hoja. Maswali hayakuulizwa kwenye kikao, yaliulizwa bombani, na nilipofika na ndoo yangu mazungumzo yalibadilika yakawa ya mvua. Ukiona kikao chako kinakwisha mapema kila wiki na kila hoja inapita bila mtu kupinga, usifurahi. Kaa chini uulize, na uulize mmoja mmoja, nyumbani kwao, si mbele ya kundi.

Kuna siku moja ya Februari 2018 ninayotamani ingerudi.

Tulikuwa na mjane mmoja kikundini, mdogo kuliko wengi wetu, mwenye watoto wawili. Alikuwa amekopa 300,000 na alikuwa amebakiza 165,000 pamoja na riba. Wiki tatu mfululizo hakuleta rejesho. Wiki ya nne alifika kikao kikiwa kimeshaanza, amelowa, akasimama mlangoni, akasema, "Mama mwenyekiti, naomba niseme." Nikamjibu, "Kaa kwanza, utapewa nafasi yako." Sikumpa. Kikao kilipokwisha niliteua watu wanne, tukaongozana hadi kwake, tukachukua alichokuwa nacho cha thamani: gunia tatu za mbegu za viazi alizozihifadhi chini ya kitanda, zimeshaanza kuchipua, zikisubiri kupandwa wiki ile.

Tuliziuza palepale kijijini kwa 50,000 kila gunia. Jumla 150,000. Nikamwandikia kwenye daftari kwamba bado anadaiwa 15,000.

Mkulima yeyote anajua mbegu ni nini. Zile gunia tatu angezipanda chini ya nusu ekari, na kwa ardhi yetu angevuna si chini ya gunia 20. Tulimchukulia msimu mzima kwa deni ambalo angelilipa kwa mavuno hayohayo na chenji ikabaki. Wiki mbili baadaye nikasikia alichokuwa anataka kusema siku ile: mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa, na fedha za marejesho zilikwenda kwenye matibabu. Mfuko wetu wa jamii, ule wa shilingi 500 kila wiki, ulikuwa na zaidi ya 200,000 siku hiyo, na uliwekwa kwa shida za namna hiyo hasa. Hakujua kama anaweza kuomba, na mimi sikumpa dakika mbili.

Aliacha kikundi. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba wenzake, waliokuwa wakilima naye ngwe moja, hawakumtetea. Walianza kumsema. Kila kitu kilichoharibika mwaka ule kilikuwa "tangu yule alipotuletea mkosi wa madeni." Nilidhani wanasema hivyo kwa sababu wanapenda nidhamu.

Ufunguo wa pili niliupata hivihivi. Mama mmoja kati ya washika funguo aliolewa Chunya, akanikabidhi ufunguo wake mpaka tuchague mwingine. Sikuitisha uchaguzi. Nilijiambia tutachagua mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa mwaka. Kama unashika chochote cha kikundi "kwa muda", weka tarehe ya kukirudisha, iandikwe kwenye daftari siku hiyohiyo, na mtu mwingine asome tarehe hiyo kwa sauti. Sijawahi kuiba hata shilingi kumi ya kikoba kile, na bado kushika funguo mbili lilikuwa kosa kubwa.

Mwishoni mwa Agosti 2018 nikapigiwa simu kwamba baba amepata kiharusi. Nilipanda gari asubuhi ileile kwenda Kyela, nikiwa na kitenge, kanga mbili na pochi.

Kyela ni joto kwa mtu wa milimani. Jioni tulimtoa baba nje, tukamkalisha chini ya mwembe, na ulimi ulipoanza kurudi alipenda kuzungumza mambo ya zamani. Siku moja nilimsimulia kikoba changu kwa kujivunia, jinsi ninavyokiendesha na jinsi watu wanavyoniogopa. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia kwamba zamani malafyale, yaani chifu wa Wanyakyusa, hakuamua mambo peke yake. Alikuwa na mafumu, wakuu wa vijiji waliotoka kwa watu wa kawaida, si ndugu zake wa damu, na kazi yao mojawapo ilikuwa kumwambia yasiyompendeza. Wazee waliamini kuwa wanakijiji wakimnung'unikia mtu aliyekosea, hata chinichini, pumzi yao humletea baridi mwilini, na malafyale naye hakuwa salama na baridi hiyo. Ndipo akaniuliza, "Na wewe mwanangu, mafumu wako ni akina nani?"

Nilimjibu nina katibu na mwekahazina. Akaniuliza, "Wamewahi kukukatalia?" Sikuwa na jibu, nikaamka nikamletea maji.

Nilirudi nyumbani mwishoni mwa Oktoba nikakuta hakuna kikoba. Wiki ya kwanza walikutana, wakanisubiri. Wiki ya pili wakakutana wachache. Ya tatu hakuna aliyekuja. Marejesho yalisimama, hisa zilisimama. Watu walihitaji fedha ya mbolea na dawa ya ukungu, na kwa kuwa sanduku lilikuwa limefungwa, nane kati yao walikwenda kwenye mikopo ya kausha damu. Wenye kuijua wanaijua: unasaini karatasi usiyoisoma, unaacha kadi ya benki au kitanda, na riba inahesabiwa kwa wiki. Mmoja alipoteza cherehani. Mwingine alimficha mumewe deni mpaka wadai walipokuja nyumbani, na ndoa ile haijapona hadi leo.

Ningekuwa na akili ningeomba radhi. Badala yake niliwatoza wote faini za wiki sita ambazo vikao havikufanyika. Walilipa. Kimya kimya, mmoja baada ya mwingine, wakaweka fedha mezani. Desemba tulipovunja, 11 walichukua chao na hawakurudi.

Tulibaki 14, na hapo nikafanya kosa la pili. Nalieleza kwa urefu kidogo kwa sababu nimeona watu wengi wakiliangukia baada ya kuambiwa kwamba wao ni wakali.

Nilijirudi kupita kiasi. Niliona aibu, na kwa aibu ile nikajiambia kuanzia sasa kila mtu ataamua mwenyewe. Faini tukafuta. Ukomo wa mkopo wa mara tatu ya hisa sikuutaja tena. Mtu akiniuliza, "Mwenyekiti, tufanyeje?" nilikuwa najibu, "Amueni nyie, kikundi ni chenu." Nilikaa kwenye kiti kilekile lakini sikuongoza. Niliamini huko ndiko kuwa muungwana, na ndiyo demokrasia. Wanachama wapya wanne wakaingia, tukawa 18, na miezi ya mwanzo vicheko vilirudi.

Halafu kilichotokea ni hiki. Katika kundi lolote kuna wenye sauti na wasio na sauti. Mwenyekiti akinyamaza, nafasi yake haibaki tupu. Wenye sauti wanaikalia. Kwetu walikuwa wanne, marafiki, wakiketi pamoja karibu na meza. Wao ndio waliopendekeza nani akope, na mara nyingi walipendekezana wao kwa wao. Wale wapole, ambao enzi zangu za ukali angalau walijua foleni inakwenda kwa mpangilio, sasa walikuwa hawapati mkopo kabisa. Msimu mmoja tulikubaliana kuuza viazi kwa pamoja ili tupate bei nzuri, ila hatukupanga nani akazungumze na dalali wala nani asimamie mizani. Kila mmoja alidhani mwenzake atafanya. Lori lilikuja siku ya mvua, likapakiwa lumbesa za kutisha, na mimi niliyewahi kusimama mbele ya lori nilikaa pembeni nikisema nisije nikaonekana najifanya bosi tena.

Desemba 2020 tulitakiwa kugawana. Kwenye madaftari watu walikuwa wameweka shilingi 5,400,000 za hisa. Ndani ya sanduku mlikuwa na 2,900,000. Zilizobaki zilikuwa nje, mikononi mwa watu sita, na wawili kati yao walikuwa wameshahama. Kuna bibi mmoja aliyehesabu fungu lake, akahesabu tena, akalifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia, "Ndaga, mwenyekiti," yaani asante, kisha akaondoka. Nilitamani angenitukana. Niliuza mtamba wangu kwa 650,000 nikaziongeza kwenye mgao ili wale wazee wasirudi mikono mitupu. Mume wangu hakunisemesha kwa siku kadhaa, na ninamwelewa, mtamba ule ulikuwa wa nyumba yetu sote.

Aprili 2021 nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya viongozi wa vikundi pale Tukuyu. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua kujiuzulu. Mwezeshaji, kijana mdogo tu, alitusimulia utafiti wa mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, uliochapishwa mwaka 1939. Lewin alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, akaenda kufanya kazi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Iowa. Walikusanya wavulana wa miaka 10, watano watano, katika vikundi vya kufanya kazi za mikono baada ya shule. Vikundi viliongozwa kwa namna tatu tofauti. Kiongozi wa aina ya kwanza aliamua kila kitu na kutoa maagizo hatua kwa hatua. Wa pili alijadiliana na watoto, akawaonyesha njia mbili tatu, wakachagua, naye akashiriki. Wa tatu aliwapa vifaa akakaa pembeni, akajibu tu akiulizwa. Baada ya wiki sita viongozi walibadilishwa, ili watoto walewale waonje uongozi tofauti.

Kiongozi mkali, yule wa kwanza, akasema mwezeshaji, alifanya watoto watoe kazi nyingi. Ila watafiti walifanya kitu kimoja: walimtoa kiongozi chumbani kwa dakika chache. Kwenye kundi la mkali kazi ilishuka ghafla. Kwenye kundi la mjadala iliendelea karibu vilevile.

Nilifikiria wiki tisa za Kyela. Nikatoka nje, nikasimama kwenye upenu, na mvua ya Tukuyu ya Aprili huwa haiachi mtu asikie mwenzake akilia.

Niliporudi ndani alikuwa ameendelea. Katika jaribio la mwanzo, akasema, watoto wa kundi la mkali walichagua mwenzao mmoja wakawa wanamwonea, alipoacha kuja wakamgeukia mwingine, naye akaacha. Hasira ambayo hawakuweza kumwelekeza kiongozi waliimwagia mmoja wao. Nikamkumbuka yule mjane na "mkosi wa madeni". Na wale wa kiongozi anayekaa pembeni? Hao walifanya kazi kidogo kuliko wote, na mbovu. Lewin alisisitiza kuwa kuwaachia watu si sawa na kuwashirikisha. Kati ya wavulana 20, 19 walimpenda zaidi kiongozi wa mjadala kuliko mkali. Yule mmoja aliyebaki alikuwa mtoto wa ofisa wa jeshi.

Watoto wa Iowa si wakulima wa viazi wa Rungwe, na kuna mambo ya kwetu ambayo utafiti ule hauwezi kuyajua. Lakini kwa miaka mitano nilikuwa nimefanya majaribio mawili kati ya yale matatu kwa fedha za watu, na majibu yalikuwa yaleyale.

Sikujiuzulu mara moja. Niliita kikao, nikasimama, nikawaomba radhi kwa kutaja kosa moja moja: mbegu, funguo, faini za wiki sita, na kunyamaza kwangu siku ya lori. Omba radhi kwa namna hiyo. "Kama kuna niliyemkosea" haisaidii, kila mtu anajua unakwepa. Nilipomaliza, mama mmoja alisimama akasema mambo mawili ambayo hata mimi sikuyajua, na yalikuwa makali. Nilisikiliza nikiwa nimeshika meza.

Kisha tukaandika katiba upya. Ilitulazimu hata hivyo, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilitaka vikundi vya fedha vya kijamii visajiliwe, na sisi tulikuwa tumezembea. Ile ya kwanza tuliinakili kwa kikundi kingine bila kuisoma. Hii ilituchukua vikao saba, kipengele kwa kipengele, kwa Kiswahili cha kawaida, na asiyejua kusoma alisomewa.

Nitataja yaliyotusaidia zaidi. Mwenyekiti anasema wa mwisho. Hoja ikiletwa, tunaanza na aliyekaa mbali na meza, tunazunguka, na aliyeamua kunyamaza anasema wazi "napita". Mwanzoni inachosha, vikao vilichukua hata saa tatu, na wawili watatu walilalamika kwamba viazi vinawasubiri. Baada ya miezi mitatu muda ulishuka ukawa wa saa mbili. Mambo mazito tunapiga kura kwa punje: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, mkono ndani ya chungu, hakuna anayeona. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo matokeo yalikuwa tofauti kabisa na ya kunyoosha mikono wiki iliyotangulia, kwa hoja ileile.

Faini tulizirudisha. Watu wenyewe walizitaka, ila walizipanga wao. Mwenye shida anaruhusiwa kutuma mtu au ujumbe, na hatozwi. Mdaiwa anasikilizwa kabla ya jambo lolote kuamuliwa, na katiba inasema kikundi hakitachukua mbegu, jembe, chakula wala godoro la mtu. Mwisho wa kila kikao mwekahazina anataja kiasi kilichomo sandukuni, sote tunakirudia kwa sauti, na wiki inayofuata sanduku halifunguliwi mpaka tumekitaja tena. Makamu anaendesha kikao kimoja kila mwezi mwenyekiti akiwa amekaa na wengine kama mwanachama tu. Kama kikundi chako hakiwezi kufanya kikao bila wewe, jaribu kutokuwepo wiki moja kwa makusudi ukiwa mzima, usisubiri kiharusi cha baba yako.

Kuna mahali tumeubakiza ukali, na nadhani ni sahihi. Siku ya lori mtu mmoja anapewa mamlaka ya kuamuru na wengine wanamtii. Hakuna mjadala mbele ya dalali, kwa sababu dalali anaishi kwa mabishano yenu. Bei ya chini tunakubaliana usiku, asubuhi anasimamia yeye na mizani. Vilevile mwenyekiti anaweza kutoa hadi 50,000 za mfuko wa jamii kwa mgonjwa bila kumuuliza mtu, kisha anatoa maelezo kikao kinachofuata. Msiba na ugonjwa havisubiri punje.

Tukaweka pia ukomo wa uongozi, miaka miwili, mara moja tu. Baba alinisimulia ubusoka wa Wanyakyusa, ambapo wazee wakiwa bado hai nchi ilikabidhiwa kwa kizazi cha vijana kwa sherehe, na nilitaka na sisi tukabidhiane tukiwa bado tunaongea. Nilitoka mwaka 2023.

Kwa yule mjane nilikwenda na gunia tatu za mbegu, nzuri, nilizochagua mwenyewe. Nilimweleza kila kitu. Alizipokea, akanikaribisha chai, tukazungumza habari za watoto. Nilipomwomba arudi kikundini alikataa kwa upole. Ana kikundi kingine ng'ambo ya mto, na ni mshika ufunguo huko. Tunasalimiana tukikutana njiani, na mimi huwa natangulia kumsalimu.

Sasa tuko 24. Mwezi uliopita nilileta hoja kwamba sehemu ya fedha tununue miche ya parachichi tupande pamoja, kwa sababu nimeona wenzetu wa chini wanavyouza, na viazi peke yake vinachosha ardhi. Nilijiandaa wiki mbili, nikaja na hesabu. Walizunguka wote wakasema yao, mimi nikasema yangu. Chungu kilipomwagwa mezani kulikuwa na punje za hindi 9 na za haragwe 15. Niliumia. Bado naona walikosea, na nimeanza kuzirudia hesabu zangu, hasa ile ya miaka ya mwanzo kabla mti haujazaa, ambayo ndiyo waliyoiogopa. Katiba inaruhusu hoja iliyoanguka kurudishwa baada ya miezi sita, na nimeshamwomba katibu aiandike kwa jina langu.